Msituambie ni bahati mbaya

Vijana wenzetu, na ninyi ndugu zetu mnaovaa vizibao vya mashirika, someni hii mpaka mwisho. Ni ndefu. Tumeiandika watu wanne kwa simu mbili, na chaji imekatika mara tatu, kwa hiyo msilalamike juu ya urefu.

Tumetoka msibani. Jina la marehemu hatuliandiki kwa sababu mama yake ameomba hivyo. Kijiji hatukitaji, shirika pia hatulitaji. Wanaohusika wanajijua, na hata hivyo shida hii si ya shirika moja. Ukiwa Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja au Kyaka II, utasoma na kusema: kumbe hata kwao.

Kijana alikuwa na miaka 19. Alicheza namba sita kwenye timu yetu. Alikuwa kwenye kikundi cha vijana kinachochimbia vyoo wale wasiojiweza, wazee, wajane, walemavu, wanaoitwa PSN kwenye makaratasi. Mpango ni huu mnaoujua: shirika linaleta slabu, miti na maturubai, kikundi kinachimba shimo, kisha shimo likifika urefu uliopangwa mtu wa shirika anakuja kupima, na kikundi kinapewa posho kidogo. Shimo lisipofika urefu, hakuna posho.

Shimo hili lilikuwa la bibi mmoja mjane. Walichimba mpaka kama mita tatu, mvua ikaja, wakaacha. Choo cha zamani cha bibi huyo, kilichojaa, kilikuwa hatua nne tu kutoka pale. Hakuna aliyeliwaza hilo, maana pahali pa kuchimba walionyeshwa. Baada ya siku tisa jua likatoka, na kesho yake mpimaji alikuwa anakuja. Kijana akashuka asubuhi kuondoa tope na kumalizia nusu mita iliyobaki. Mdogo wake alikuwa juu akishika ndoo. Anasema kaka yake alifika chini, akainama kama anatafuta kitu, kisha akakaa. Akamwita, "Ya, unafanya nini?" Hakujibu. Mtoto akaruka.

Mzee mmoja jirani ndiye aliyewazuia wengine. Alisimama mdomoni mwa shimo na fimbo, akitukana, akisema atakayeshuka atampiga. Vijana walimwona mzee ana roho mbaya. Wakachukua kamba ya mbuzi, wakaifunga kitanzi, na kwa bahati mguu wa yule mdogo ukanaswa. Yu hai. Lakini anasahau maneno, na mkono wa kushoto hauko sawa. Kaka yake walimtoa baada ya zaidi ya saa nzima, na wakati huo hata mtoto mdogo aliweza kuona kwamba hakuna kitu.

Msibani tulisikia maelezo matatu. La kwanza: shimo lilikuwa limetupiwa dawa na mtu mwenye wivu. La pili: siku yake ilikuwa imefika. La tatu lililetwa na dada wa shirika aliyekuja na sukari, mchele na turubai. Alikuwa mpole, tusimsingizie. Alikaa chini na akina mama, akamwambia baba wa marehemu, "Pole sana, papa. Ni bahati mbaya tu."

Papa akamjibu, "Mwanangu, asante kwa kuja. Lakini mtoto wangu alikuwa kwenye kazi yenu."

Dada akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kwenye mradi ule kuchimba shimo hakuhesabiwi kuwa kazi, ni mchango wa jamii.

Hapo ndipo tulipoamua kuandika.

Tuanze na hili la dawa na bahati. Aliyemuua mwenzetu ana jina, na linajulikana duniani kote. Ni hewa. Hewa tunayovuta hapa juu ina oksijeni kama asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5, wataalamu wa usalama kazini wanasema usiingie. Ikifika 16 hivi, akili inaanza kulewa: unaona uko sawa kumbe huko sawa, unacheka, unakosea hatua. Chini ya 10 unaanguka. Chini ya 6, ni pumzi chache tu, huna muda hata wa kupiga kelele. Ndiyo maana mashahidi wote husema "alikaa tu", "aliinama kama amechoka". Watu wanangoja kelele, na kelele haiji.

Kwa nini shimo likose oksijeni? Kwa sababu vitu vinavyooza vinaila. Majani yaliyoanguka ndani, tope la mvua, uchafu unaopenya udongoni kutoka choo cha jirani, vyote vinatumia oksijeni na kutoa gesi nyingine. Moja ni methani, ambayo inalipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Nyingine ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Hii ya pili ni nzito kuliko hewa, inalala chini kama maji yasiyoonekana. Na ina ujanja mmoja ambao kila mtoto wa kambi angepaswa kuujua kabla ya kufundishwa nyimbo za kunawa mikono: ikiwa kidogo inanuka sana, ikiwa nyingi haisikiki kabisa. Inaua pua kwanza. Kuanzia sehemu 100 hivi kwa milioni, mishipa ya kunusa inakufa ganzi. Kwa hiyo yule anayesema "harufu imeisha, sasa tunaweza kushuka" huenda amekosea kabisa. Sehemu mia kadhaa zinakuzimisha, elfu moja zinakuua papo hapo.

Wengine watasema: sisi tunajua, tunashusha mshumaa kwanza. Wazee wetu walifanya hivyo, na tunawaheshimu, lakini tuseme ukweli. Mshumaa huzimika oksijeni ikishuka karibu na 16. Maana yake unaweza kuendelea kuwaka vizuri pahali ambapo hewa tayari si salama. Haidrojeni salfaidi yenye kutosha kukuua, mshumaa hauioni hata kidogo. Na kama kuna methani, umejitengenezea bomu na umeinama juu yake. Kuku vilevile. Kuku akitoka hai haina maana kwamba wewe, utakayekaa mle saa mbili ukihema kwa nguvu na kukoroga tope kwa beleshi, utatoka hai. Gesi nyingi imefungwa ndani ya tope. Ukilikoroga ndipo inatoka.

Na si vyoo peke yake. Kisima kinachochimbwa kwa mkono ni hivyohivyo. Wale wanaoteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima ili kukausha maji wanajaza kisima kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Tangi la maji linalooshwa kwa klorini ya unga, ile kali, linaweza kumziba mtu pumzi. Tunawataja ninyi mnaoosha matangi ya sementi kwa posho: mara ya mwisho nani alikaa nje kukutazama? Hakuna, si ndiyo? Alikuwa ameenda kununua chapati.

Halafu kuna udongo wenyewe. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, hata zaidi ukiwa na maji. Ni kama gari dogo. Ukifukiwa mpaka kifuani, hata kama kichwa kiko nje, huwezi kupanua mbavu kuvuta pumzi. Nchi nyingi zinachora mstari kwenye mita moja na nusu hivi: kupita hapo, kuta za shimo zikingwe. Sisi tunachimba tatu, nne, kwenye udongo uliolowa, na tunarundika mchanga pembeni kabisa mwa mdomo wa shimo kwa sababu kuusogeza mbali ni kujichosha.

Haya yote si siri. Hatukuyavumbua. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, Shirika la Kazi Duniani, Benki ya Dunia na WaterAid walitoa ripoti nzima juu ya afya, usalama na heshima ya watu wanaofanya kazi za vyoo na maji taka. Waliangalia nchi tisa, na Uganda na Kenya zimo. Ripoti iko wazi, inapakuliwa bure. Mabosi wenu wameisoma, wengine huenda waliinukuu walipoomba pesa za mradi. Kwa hiyo tunapoambiwa "bahati mbaya" tunauliza: bahati gani hiyo ambayo mnaijua mpaka dalili zake, na mmeiandika kwenye kitabu chenye picha?

Sasa tuje kwenye maneno haya mawili, mchango wa jamii. Wengine wanasema "kujitolea". Kwa Kiswahili cha kwetu kujitolea ni kitu kizuri sana. Mtu akifiwa tunajitolea kuchimba kaburi. Jirani nyumba yake ikianguka tunajitolea kukanda udongo. Hakuna anayekuja na futi kupima, hakuna orodha ya kutia sahihi, hakuna anayetuambia ukichelewa Ijumaa hulipwi. Sasa mkituwekea urefu, upana, tarehe, mkaguzi na posho, mmetuajiri. Jina la malipo mnaweza kuliita posho, motisha, asante, vyovyote mtakavyo. Mtu aliyekufa alikuwa kazini.

Na kama ni kazini, kuna sheria. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtwika mwajiri mzigo wa kuwalinda watu wake. Mwaka huohuo 2006 ikapita Sheria ya Wakimbizi, na ndani yake mkimbizi ana haki ya kupata kazi. Nchi hii inasifiwa kila mahali kwa hilo, na sisi pia tunaisifu, tumeishi pengine na tunajua tofauti. Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani lilikubaliana kwamba mazingira salama ya kazi ni haki ya msingi, ngazi moja na kutofanyishwa kazi ya utumwa na kutotumikisha watoto. Lakini mlango wa kuingilia kwenye haki hizo ni neno moja: mfanyakazi. Ukiliandika neno "mjitoleaji" kwenye fomu, mlango umeufunga. Hakuna bima, hakuna fidia, hakuna uchunguzi. Kuna sukari na mchele. Hatusemi dada yule ndiye aliyeliandika. Liliandikwa mbali, na mtu ambaye hajawahi kuona shimo letu. Lakini limeandikwa, na linaua, maana kama kifo si cha kazi basi hakiingii kwenye hesabu za kazi, na kisipoingia kwenye hesabu, mwaka ujao hakuna atakayeweka pesa ya kamba kwenye bajeti.

Tuliwahi kuuliza hili kwenye mkutano. Jibu lilikuwa kwamba vifaa vya usalama ni ghali. Tukasema sawa, vipi kipimo cha gesi? Ghali. Feni ya kupuliza hewa? Ghali, na umeme hakuna. Mkanda na kamba? Wataangalia. Basi tukamwangalia mkubwa aliyejibu, na gari alilokuja nalo, na jenereta iliyokuwa inaendesha spika za mkutano. Jenereta hiyo ingeendesha feni ya shimo. Tunasema tu.

Kule Dar es Salaam, watu wanaoingia vyooni kutapisha kwa mikono wanaitwa vyura, maana wanapiga mbizi. Watu wanacheka wakisikia. Lakini ni huko Dar, na Kampala pia, ambako ilijaribiwa pampu ya mkono inayoitwa Gulper, mtu anasimama juu ya choo na kuvuta kinyesi bila kuingiza hata mguu. Ni bomba na mpini. Fundi wa kulehemu anaitengeneza. India wamekwenda mbali zaidi kwa upande wa sheria: mwaka 2013 walipiga marufuku kumtuma mtu kuingia mferejini au tangini kusafisha uchafu bila kinga, na Machi 2014 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamuru familia ya kila aliyekufa humo tangu 1993 ilipwe rupia milioni moja. Oktoba 2023 ikapandisha mpaka milioni tatu. Watu bado wanakufa India, hatuwadanganyi. Lakini kule kifo kina bei ambayo aliyesababisha anaiogopa. Hapa kwetu bei yake ni kilo za mchele.

Tumewapiga mashirika vya kutosha, sasa tujipige sisi wenyewe. Wengine hawatapenda.

Tunapenda sana ushujaa wa kijinga. Ukisema "mimi sishuki" wanakuita demu. Ukiuliza kamba iko wapi wanasema umekuwa mzungu. Wengi wetu tumezaliwa na baba waliochimba dhahabu Kamituga au Misisi, na tumekua tukisikia hadithi za watu walioingia chini mita mia na kutoka na utajiri. Wale ambao hawakutoka, hadithi zao ni fupi. Septemba 2020 mvua ilijaza mashimo ya Kamituga maji na watu karibu 50 wakapotea siku moja. Kuna kijana kwenye kikundi chetu, mjomba wake alikuwa humo. Unadhani yeye anafunga kamba akishuka kuchimba choo? Hafungi. Anasema choo si mgodi.

Na kuna hili la kuruka. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini ilitangaza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa kwenye sehemu finyu za namna hii ni wale walioingia kuokoa. Baadaye, walipochunguza upya kesi zao, wakasema ni kama theluthi moja. Hata tukichukua hiyo ndogo: katika kila misiba mitatu, mmoja ni wa mtu ambaye alikuwa juu, salama, anapumua, akaruka kwa upendo. Kaka anamfuata kaka, baba anamfuata mtoto, jirani anamfuata baba. Gesi iliyomlaza wa kwanza haijaenda popote. Inakungoja.

Tunajua tunachokuomba ni kigumu kuliko yote yaliyoandikwa hapa. Tunakuomba usimame juu ya shimo, umwone ndugu yako chini, na usishuke. Tunakuomba upige kelele, uite watu, utupe kamba kama bado anaweza kushika, upulize hewa ndani kwa chochote ulicho nacho. Umwage ndoo za maji kando ya ukuta, upepee kwa turubai au matawi. Hizo ni njia dhaifu, hazilifanyi shimo liwe salama, lakini ni bora kuliko mwili wako. Inawezekana atakufa ukimtazama. Hilo ndilo linalotuuma, kwamba kufika pale ni kwamba tayari tumechelewa. Kamba inafungwa mwilini kabla mtu hajashuka, kifuani na mabegani, na ncha yake inashikwa na mtu aliye juu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Si kushika ndoo, si kuangalia simu. Ukianguka, wanakuvuta. Kama yule mwenzetu wa namba sita angekuwa na kamba ya shilingi chache kifuani, mdogo wake angemvuta na leo tungekuwa tunamtania.

Yule mzee wa fimbo, tumeenda kumwomba msamaha. Alituambia aliona watu wanne wakifa kwenye kisima kimoja huko Fizi akiwa kijana, mmoja baada ya mwingine, kama mbuzi wanaofuatana. Tangu hapo hajawahi kumwamini mtu yeyote anayesema "ngoja nishuke mara moja".

Sasa tunataka nini? Tutasema wazi, ili kwenye mkutano ujao msituambie vijana wanalalamika tu.

Shimo lolote ambalo shirika linalipima au kulilipia, liandikwe kuwa kazi, na waliolichimba waandikwe kuwa wafanyakazi, hata kama ni wa siku tatu. Hili kwetu ni kubwa kuliko vifaa. Vifaa vitafuata.

Msilipe kwa urefu. Mnapolipa kwa mita mnatusukuma tushuke baada ya mvua. Mlipe kwa siku, na siku ambayo shimo limekataliwa kwa sababu ya mvua au harufu ilipwe pia. Mtaona tutakavyokuwa waangalifu ghafla.

Mnaochora ramani za vyoo, chimbeni mbali na choo kilichojaa, na pale udongo ulipo mbovu acheni kung'ang'ania mita nne. Shimo la duara linasimama kuliko la pembe nne, fundi yeyote wa visima atawaambia. Kuna vyoo vya mashimo mawili mafupi vya kupokezana, kuna vya kuinuliwa juu ya ardhi, mnavijua, viko kwenye vitabu vyenu vya Sphere na vya wengine. Mnasema mwongozo ni choo kimoja kwa watu 20. Sawa, ni mwongozo mzuri, tunaukubali, choo kinaokoa watoto kwa kipindupindu. Lakini watu elfu moja ni vyoo 50, na vyoo 50 ni mashimo 50, na ndani ya kila shimo kuna kijana. Huyo kwenye mwongozo yuko ukurasa gani?

Na kwenye kila eneo kiwepo kisanduku kimoja cha pamoja: mkanda wa kuvaa, kamba nzuri, miguu mitatu ya chuma na kapi ya kuvutia, feni na bomba lake, na kipimo cha gesi nne, yaani oksijeni, gesi za kulipuka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi. Kimoja tu kwa eneo zima. Hatuombi kila mtu apewe chake. Kikae pahali ambapo ufunguo unapatikana Jumapili pia, maana watu hawafi saa za ofisi tu. Na vijana wawili watatu wafundishwe kukitumia kwa vitendo, si semina ya hotelini Mbarara yenye soda na karatasi ya kutia sahihi. Semina hizo tumezimaliza.

Kuna atakayeandika chini hapa kwamba tukipiga kelele sana mradi utaondolewa na wajane watakosa vyoo. Tumeshatishwa hivyo. Tulikaa usiku mmoja tukijadili, na wawili kati yetu walitaka tufute kila kitu. Bibi yule mjane ndiye aliyetumalizia ubishi. Choo chake kimekamilika, kikundi kingine kilimalizia pahali pengine. Kina slabu, kina mlango, kina kibao chenye nembo. Anakwenda porini. Anasema hawezi kuingia pale, anamwona mtoto.

Kwa sasa, wakati tunangoja majibu. Kuna mashimo matatu yaliyoachwa wazi, mawili nyuma ya shule na moja karibu na bomba la juu, yamejaa maji na majani. Jumamosi saa tatu asubuhi tunayafunika. Leteni mbao, mabati mabovu, magunia ya mchanga. Hakuna atakayeshuka, hata simu yako ikidondoka, hata ikiwa ni mpya. Mwenye kamba ndefu isiyo ya mbuzi aje nayo. Tumeshachanga shilingi kidogo za kununua yetu, zimepungua nusu. Na dada wa shirika, kama unasoma hapa, na tunajua unasoma maana unaweka kidole gumba kwenye posti zetu za mpira, njoo na wewe. Papa amesema angependa kukuona tena. Hana hasira na wewe. Anataka umsomee ile fomu, neno kwa neno, kwa Kiswahili.